Hesi ya Kushoto

Atakayesoma haya aniwie radhi. Niliishia darasa la nne, naandika polepole, na mkono uliozoea tupa huikandamiza kalamu mno. Palipokosewa herufi, tafadhali kisia. Nataka kueleza namna nilivyoona gari likinyanyuka kwa kuzungushwa chuma kimoja, maana mpaka sasa bado nastaajabu.

Nafanya kazi Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, katika karakana ya fundi mmoja wa Kihindu. Ana mashine ya kerezo, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikimenya kama muhogo. Mimi na mwenzangu, kijana wa Kichagga, tulikuwa watu wa tupa na msumeno. Kerezo tulikuwa tunaipangusa tu.

Siku moja kijana wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alileta gari lake jekundu la viti viwili, la tangu kabla ya vita. Lilikuwa fupi hata dereva akinyoosha mkono anagusa barabara. Kila akivuka reli kwenda Ilala, tumbo la gari lilikwaruza chuma. Alitaka kwenye lami liwe chini, kwenye mashimo liwe juu, na madukani hakuna kifaa cha namna hiyo.

Fundi alilala chini ya gari akaangalia, kisha akachora kwa chaki sakafuni. Springi za nyuma zilikuwa zimeshikwa na vipande vifupi vya chuma. Tungevitoa, tuweke fito zenye hesi kila ncha, yaani mikato kama ya skrubu. Fito ikizungushwa upande mmoja inasukuma vilivyofungwa kwenye ncha zote mbili, na gari linapanda. Ikirudishwa, linashuka.

"Leo mnakereza nyinyi," akasema. "Huyu ncha hii, huyu ile. Moja hesi ya kulia, nyingine ya kushoto." Akaenda kula.

Nilishtuka kwa furaha na hofu. Karakana yetu ina sheria yake: aliyekereza chuma ndiye anayepanda gari kwanza, kabla mteja hajalichukua. Chuma kikishika, anabaki kwenye kerezo. Kikiachia, anarudi kwenye tupa, kama mifupa yake mizima.

Fundi aliporudi tulikuwa tumekwisha kuzifunga fito. Akatia spana, akazungusha. Gari halikupanda hata unywele. Fito ilitambaa upande tu. Ilichopata kule ilikipoteza huku.

"Mangi," akamwambia mwenzangu kwa jina la machifu wa kwao, "mbona gari lako halipandi?"

"Labda lina njaa, Fundi."

"Na wewe bubu, hesi ya kushoto iko wapi?"

"Nilidhani anaikata yeye," nikasema.

"Nami nilidhani yeye," akasema mwenzangu. "Akinyamaza vile, najua anajua."

Fundi akacheka mpaka akaegemea mashine. "Hesi mbili za kulia ni watu wawili mlangoni. Huyu anasema pita wewe, huyu anasema pita wewe. Nani atapita?"

Akakata chuma kipya. Kisha akafungua ubavu wa kerezo, akachukua gurudumu dogo la meno, akalipachika katikati ya mengine. "Bubu, ncha za kushoto zako zote. Na utapanda wewe."

Nikawasha. Chuma kilizunguka vilevile kama siku zote, lakini kisu, ambacho siku zote huja kuelekea kichwa cha mashine, pale chuma kinaposhikwa, kilianzia pale kichwani kikaanza kuondoka zake. Nyuma yake hesi ilitokea ikiwa imelala upande mwingine, inang'aa, kama sura ya ile ya kwanza kwenye kioo. Gurudumu moja dogo, na njia yote imegeuka. Mwenzangu alisogea akaangalia.

Tulipozifunga, Fundi alinipa spana mwenyewe. Nikazungusha kidogo. Gari likainuka taratibu, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Nikarudisha, likashuka. Nikainua tena. Sikutaka kuacha.

Mwenye gari, aliyekuja kulichukua, akasema, "Panda, ndugu." Mtaa wa Msimbazi watu walitutazama, nami nilitazama magoti yangu. Tulipoikaribia reli, hakupunguza mwendo. Nilishika mlango, nikasikiliza chini. Matairi ya mbele yakapita, ya nyuma yakapita, gari likaruka kidogo likatulia. Hakuna kilichokwaruza. Hakuna kilichokatika.

"Turudi tena?" akauliza.

"Turudi," nikasema, na nilisikia sauti yangu ni kubwa.

Tangu siku hiyo niko kwenye kerezo. Lakini gari liliuzwa, likaenda bara, nami sijui kama hesi zangu bado zinashika. Wewe unayesoma, ukiona gari jekundu la viti viwili, lenye fito zenye hesi mbili zinazopishana kwenye springi za nyuma, tafadhali inama uangalie ya kushoto, kisha niandikie. Hata mstari mmoja utatosha.