Karani wa Kituo Namba 117 na mpigakura aliyemfuta akiwa hai

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza ya shule ya msingi ya Kallukote, Nagaveni Halappa anasoma majina. Anayasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, kidole kikishuka kwenye daftari. Wanakijiji kama arobaini waliochuchumaa uani wanaitikia "yupo" au "kahama", na wanacheka kila mtu anapotajwa umri wake wa kweli.

Ni siku ya mwisho ya kusahihisha daftari la wapigakura. Saa kumi na moja jioni ofisi ya tarafa itafunga mlango, na ambaye jina lake halimo hatapiga kura katika uchaguzi mdogo wa eneobunge la Hulikere, wiki tatu zijazo.

"Guddappa Tirukappa, miaka sabini na moja," anasoma.

Haitikii mtu.

"Mwalimu," anasema kinyozi Kotreshi kwa upole, "Guddappa tulimzika wiki ya Diwali. Mimi ndiye niliyemnyoa."

Nagaveni anafunua kurasa mpaka orodha ya waliofutwa. Jina moja limo humo, kwa mwandiko wake mwenyewe: Sannatayamma, miaka tisini na tano, mama yake Guddappa. Amefariki.

"Na mama yake yuko wapi?"

"Si yuko Bidaranahalli kwa mjukuu wake? Anamaliza matonge mawili ya ugali wa ulezi. Mimi moja linanishinda."

Watu wanaangua kicheko. Nagaveni hacheki. Anafunga daftari, anavaa ndala zake, na kuuliza ni nani amemwona Imamsab na bajaji yake.

Kosa hilo, ukilitazama vizuri, lingeweza kufanywa na mtu anayeijua Kallukote kupita kiasi tu. Guddappa alifariki chini ya nyota mbaya, na nyumba ya aliyekufa hivyo hufungwa miezi sita. Mlango ulizibwa kwa tawi la miiba, mama yake akahama. Nagaveni mwezi huo alikuwa mbali, kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi na kuanza uhakiki, aliiona miiba akajua kuna msiba.

Mgeni angebisha hodi kwa jirani akauliza nani kafa. Yeye hakuuliza.

"Nyumba ina kikongwe wa miaka tisini na tano," anasema ndani ya bajaji, akishikilia bomba la chuma kwa mkono mmoja na daftari kwa mwingine. "Nikajiambia, nani mwingine afe? Nikaandika. Sikusimama hata dakika mbili pale mlangoni. Miaka kumi na saba ya kazi, nikamzika mtu kwa uvivu wa kuvuka uchochoro."

Ana miaka arobaini na sita. Kazi yake hasa ni kulea watoto wadogo katika kituo cha serikali cha kijiji, kuwapikia uji na kuwafundisha kuhesabu. Kazi ya daftari ni nyongeza: rupia elfu moja kwa mwezi, na mara nyingi huja mwezi wa tatu au wa nne. Kwa pesa hiyo hutembelea kaya mia tatu na themanini kila mwaka, jua la mwezi wa nne likimchoma utosi.

Anayedhani jina moja si kitu haijui Hulikere. Mwaka 1967 mgombea wa alama ya ngazi na yule wa mwavuli walifungana kura kwa kura, na mbunge akapatikana kwa karatasi mbili zilizotikiswa ndani ya mtungi wa maji wa karani. Mwaka 1983 mshindi alipita kwa kura tatu, na mpaka leo kuna familia tisa Kallukote zinazoapa kwamba kura hizo ni zao. Marehemu mbunge, ambaye kiti chake kinagombewa sasa, alishinda kwa kura kumi na tisa.

Sannatayamma amepiga kura katika chaguzi zote hizo. Ule wa kwanza kabisa, wa 1952, ulimpita. Makarani wa wakati ule walipofika, wanawake hawakuwatajia wanaume wageni majina yao, basi wakaandikwa "mke wa fulani", "mama wa fulani". Amri ikaja kwamba jina la namna hiyo lifutwe. Kallukote peke yake walifutwa wanawake mia mbili na kumi na wawili, naye alikuwamo, bi harusi wa miaka ishirini na miwili.

Mwaka 1957 hakungoja karani aje. Alimfuata kisimani, Guddappa akiwa kiunoni, akamtajia jina lake mwenyewe mbele ya baba mkwe. Tangu hapo chaguzi kumi na tano za bunge la jimbo, hajakosa hata mmoja. Mwandishi wa makala haya amezaliwa tarafa hii na amewahi kukaa nyumbani siku ya kura kwa sababu ya mvua. Ukikaa karibu na mwanamke huyo unaona haya, unatamani hata kuvishika vidole alivyopigia kura.

Saa saba mchana wanamkuta uani kwa mjukuu wake Annapurna, anamenya karanga juani. Nagaveni anainama na kumgusa miguu.

"Ajji," anasema, kama wajukuu wote wa huku wanavyowaita bibi zao, "nimekufuta kwenye daftari. Nimekuandika umekufa."

Kikongwe anaendelea na karanga yake mpaka ganda linapasuka.

"Kumbe. Umenizika, na matangani hukuja?"

"Nisamehe, Ajji."

"Hata wali wa msiba wangu hukuonja. Wewe ni mtu wa namna gani?" Kisha anamtazama vizuri, anaona machozi. "Inuka. Kuteleza si kuanguka. Wanafunga saa ngapi hao?"

Njia ya kwenda tarafani ni mashimo matupu. Imamsab anaendesha kama aliyebeba mayai, na Sannatayamma anamuuliza kama bajaji hiyo nayo imeandikwa imekufa.

Saa kumi kasorobo wako mbele ya msajili, kijana nadhifu aitwaye Nadgir. Anasimama kumpisha bibi kiti chake mwenyewe, jambo ambalo ofisini pale halionekani kila siku. Fomu inajazwa. Panapotakiwa jina la mume, Nagaveni anaandika bila kuuliza, maana Sannatayamma, kwa desturi ya wake wa huku, hajawahi kulitamka maisha yake yote na hataanza leo. Dole gumba linapigwa.

Nadgir anaangalia kompyuta yake, na uso unambadilika.

"Hapa pana jambo jingine, bibi. Nyumba yenu ina kifo kimoja. Nikikurudisha wewe, lazima nimwondoe aliyefariki kweli, la sivyo wilayani wataikataa fomu. Na ombi la kumwondoa lazima liwekwe dole na ndugu wa nyumba hiyo hiyo."

"Nitaweka mimi," anasema Nagaveni haraka. "Kosa ni langu."

"Wewe si ndugu, Mwalimu."

"Mjukuu wake?"

"Ameolewa Bidaranahalli, yuko kwenye daftari la huko. Nyumba hii imebaki na bibi tu."

Karatasi ya pili inawekwa mezani. Sannatayamma haigusi.

"Nisomee," anamwambia Nagaveni.

Nagaveni anasoma. "Guddappa, mwana wa Tirukappa. Miaka sabini na moja. Sababu ya kufutwa, amefariki."

Karani wa dirisha la pili ameacha kugonga mihuri.

"Kwa hiyo tangu Diwali," anasema kikongwe, "kwenye kitabu chako mwanangu alikuwa mzima."

"Ndiyo, Ajji."

"Na mimi ndiye maiti."

"Ndiyo, Ajji."

"Ungeniuliza mimi, ningekuambia uache hivyo hivyo."

Kikongwe mwenyewe anavuta kidau cha wino, anachovya dole gumba, analikandamiza kwenye karatasi ya mwanawe, analishikilia hapo kwa muda mrefu kuliko wino unavyohitaji. Saa kumi na nusu Nadgir anagonga muhuri, nusu saa kabla ya mlango kufungwa.

Jioni, Sannatayamma akiwa amesharudishwa kwa mjukuu, Nagaveni ananawa miguu kwenye bomba la shule. Mwaka huu nyumba sita nyingine katika eneo lake zina miiba mlangoni. Anapanga kuzifuata familia zote huko zilikohamia, mtu mmoja mmoja, awaone kwa macho. Siku ya kura ameomba ruhusa ya kumsindikiza Sannatayamma mpaka mlango wa kituo.

"Namwombea kwa Mungu wiki tatu za uzima," anasema. Anatikisa kichwa, kisha anamwelekezea kidole mwandishi na kalamu yake. "Hapana, futa hiyo. Uchaguzi mkuu unaofuata uko mbali. Andika miaka."