Presha ya Mapafu Ilinionyesha Watu

Mimi ni Mama Hadija, mkulima wa Chilangala. Kabla ya kuugua nilishuka bondeni kuteka maji na kupanda na ndoo kichwani bila kusimama. Shamba la mikorosho nililirithi kwa mama yangu, nikalilima kwa mikono yangu. Mume wangu, Baba Hadija, alikuja kuoa kwetu, akakuta nyumba imesimama na miti inazaa. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa barazani na wanunuzi binafsi wa korosho, ambao soko huria liliwaleta kwa wingi miaka ile, akijigamba kana kwamba miti ameipanda yeye.

Ugonjwa ulianzia kwenye kilima cha maji. Siku moja nilisimama mara moja kupumzika. Baada ya wiki chache, mara tatu. Mwishowe nikawa natembea hatua kumi, naketi, moyo unanipiga mpaka kooni. Baba Hadija alinikuta nimeketi hivyo, akapita na baiskeli yake.

"Umezeeka mapema," alisema.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili.

Mama mkwe naye alikuja kunitazama. Alisimama mlangoni, hata kuketi hakuketi. "Huyu si mgonjwa. Huyu uvivu umemwingia kifuani." Jirani akasema ni salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho. Mwingine akasema ni jini. Watu wasiojua kutibu hata jipu, wote walijua kifua changu.

Miaka ile kila aliyewahi kushika sindano alifungua zahanati. Nilikwenda kwa bwana mmoja aliyejiita dokta, mwenye koti jeupe lenye doa la chai. Alinifunga mkanda wa presha mkononi, akatabasamu. "Presha yako ya msichana, mama. Hii ni pumu." Kifua changu hakijawahi kupiga mluzi hata siku moja, lakini nilimeza dawa zake za pumu. Niliporudi akasema ni malaria sugu. Mara ya tatu nilikwenda miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinazama, na tumbo limejaa maji. Hakunigusa. Alinitazama tumbo akasema, "Hongera."

Wiki ile ile nilianguka shambani nikazimia. Dada yangu Sharifa ndiye aliyenizoa. Hakuuliza mtu. Alinipeleka Ndanda, hospitali ya misheni, ambako bahati yangu ilimkuta daktari wa moyo aliyekuja kwa siku chache na mashine ya kupiga picha.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Lala hapa, usiongee. Unaongea kwa taabu."

Alipitisha kile chombo baridi kifuani kwa muda mrefu. Kisha akanigeuzia kioo. "Huu ni moyo wako. Upande wa kulia umetanuka. Mishipa ya mapafu imebana, moyo unasukuma damu kwa nguvu mpaka unachoka. Hii ni presha ya mapafu. Mkanda wa mkononi hauioni."

Nililia. Sikulia kwa hofu. Nililia kwa sababu kumbe kitu kilikuwepo.

Alinipa dawa ya kutoa maji mwilini, akanikataza chumvi, akanikataza kubeba mimba. "Mimba itakuua," alisema, mbele ya Sharifa, ili awepo shahidi. Kisha akaniandikia vidonge vya kulegeza mishipa. "Hatukuwa na dawa ya maana ya ugonjwa huu zamani. Hivi ni vipya. Haviponyi kabisa, lakini utapumua. Usiviache hata siku moja. Na usishangae wakikucheka dukani."

Walinicheka. Duka la dawa Masasi, muuzaji alisoma karatasi, akapaza sauti ili wanaume waliokaa nje wasikie. "Mama, mzee amechoka?" Kumbe ndivyo vidonge vile vile wanaume wanavyonunua kwa kificho.

"Namezea moyo, kutwa mara tatu," nilimwambia. "Hao wanaocheka wewe wauzie kimoja kimoja."

 Mmoja wa waliokaa nje aliinuka akaenda zake.

Baada ya miezi miwili miguu ilinywea. Nililala chali bila kukosa pumzi. Nilipalilia mstari mzima wa mihogo. Kisha vidonge vikaanza kuisha kabla ya siku yake. Nilidhani nakosea kuhesabu. Mjinga mimi, nikawa nakata kidonge nusu ili vifike. Uvimbe ukarudi, midomo ikawa ya buluu, na nikaanguka tena, safari hii jikoni, karibu na moto.

Nikiwa bado kitandani, rafiki wa mume wangu alibisha hodi. "Mama Hadija, Baba Hadija yupo? Nimefuata vile vidonge vyake vya heshima."

Vyake!

Kumbe mume wangu alikuwa anavimeza, na vingine anawagawia wenzake wa barazani ili aonekane mtu. Aliporudi nilimuuliza, "Ulijua hivi ndivyo vinaniweka hai?"

Hakuona hata haya. "Wewe huzai tena. Unavitaka vya nini?"

Nilidhani nitakuwa na hasira. Sikuwa nayo. Nilimwona mdogo sana, mtu mzima mwenye ndevu anayeiba pumzi za mkewe ili asifiwe na wanunuzi wa korosho. Nilimwita mjomba wangu, mkubwa wa ukoo wetu, akasikiliza, akamwambia maneno mawili tu: "Beba vyako." Vyake vilikuwa baiskeli na nguo za begi moja.

Binti yangu Hadija sasa ana umri mkubwa kuliko niliokuwa nao nilipoanza kuugua. Kliniki nakwenda bado. Sijapona kabisa, na anayekuuzia dawa ya kuponya ugonjwa huu kwa siku saba ni mwongo. Lakini nalima, nacheka, nalala.

Namshukuru Mungu, namshukuru Sharifa, na yule daktari aliyenigeuzia kioo. Nawe unayehema ukipanda kilima, huku presha ya mkononi ikisomeka nzuri, dai picha ya moyo. Dawa yako ifungie, ufunguo kaa nao wewe. Na wale walioniita mvivu, nawaombea umri mrefu. Nataka wanione kila siku.