Wimbo wa Baba Haukuwemo

Sikiliza, wewe mwenye bendi. Kaa nami kidogo, sikuja kukugombeza.

Kuna bendi ya metali, ule muziki wa magitaa mazito na kuunguruma, ambayo nimeifuata tangu inafanya mazoezi kwenye stoo ya mpunga Mlabani. Mwimbaji ni rafiki yangu. Wimbo wao mmoja maneno yake niliyaandika mimi, juu ya baba yetu, mvuvi aliyechukuliwa na mto. Waliurekodi, ila jukwaani hawakuwahi kuupiga. "Ifakara tutaupiga," mwimbaji akaniahidi. "Mlete dada."

Dada yangu ni mkulima kijijini Mofu. Siku ya onyesho la Ifakara aliacha kufukuza ndege kwenye mpunga wake, akaja amevaa kitenge cha kanisani.

Mimi nilikuwa nimewaona Mahenge wiki moja kabla. Sasa Ifakara, wimbo wa kwanza ukawa uleule, wa pili uleule. Hata utani wa waya wa gitaa kukatika ulirudiwa, na waya haukuwa umekatika. Kisha mwimbaji akatazama karatasi miguuni pake, akapaza sauti: "Mahenge, mpo?"

Nusu ya ukumbi, ambao wazazi wao walitoka huko, wakaitika kwa furaha: "Tupooo!"

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Mdogo wangu, hawa wanajua walipo?" Halafu, kila wimbo ulipoanza, akaninong'oneza: "Ndio wa baba?"

"Bado, dada."

Nilisema bado mpaka wakachomoa nyaya.

Nilimfuata mwimbaji nyuma ya jukwaa.

"Kaka, orodha ya nyimbo tumeikariri," alisema huku akijifuta jasho. "Tukiigusa, mpiga ngoma anapotea."

"Uliniahidi."

"Si wimbo upo kwenye simu yako? Msikilizishe."

Dada alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akamwambia, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "Ahsante, mwanangu, mmechoka." Hakuniuliza tena habari ya wimbo ule, wala mimi sijaweza kumsikilizisha kwenye simu.

Naelewa, orodha moja hupunguza makosa. Lakini aliyefunga safari amekuja kusikia kitu ambacho mji uliopita haukupewa. Ukimpa mabaki, umemdanganya, hata kama hukukosea noti moja. Na kubadilisha si kazi ngumu, unaiweza.

Kabla ya kila onyesho, toa nyimbo mbili kwenye orodha, weka mbili ambazo watu wa mji huo wamekuomba, na uzifanyie mazoezi na mpiga ngoma wako.