Chapa Nisiyoichora

Kiburi cha kusahihisha jambo usilolijua ni maradhi ya watu waliosoma, na sijakutana na mgonjwa wa kumshinda mhariri wangu wa Nairobi.

Miaka ile nilikaa Garissa, nikilichorea gazeti lake katuni. Picha zilikwenda kwa lori, zikarudi zimechapishwa, na kila mara zilirudi na kitu nisichokiweka: kofia, mnazi, safari moja hata mawingu ya mvua. Nilipolalamika, alinijibu kwamba wasomaji hupenda picha iliyojaa.

Ndipo nikamchora tajiri mmoja wa mnadani, kitambi mbele, akimlambisha ngamia chumvi ili anywe maji mengi, mbavu zijae, mnunuzi adanganyike. Ubavu wa ngamia niliuacha mtupu kwa makusudi, nisije nikautaja ukoo wowote. Mhariri akaona pengo. Akatafuta picha ya zamani ya ngamia, akanakili chapa ya moto iliyokuwamo, akaipachika kuwa pambo.

Gazeti lilipofika, wafugaji wasiojua kusoma hata neno moja waliisoma chapa ile papo hapo. Ilikuwa ya ukoo mkubwa. Wazee wa ukoo huo wakanijia kibarazani.

"Mchoraji, tangu lini ngamia wetu wanauzwa kwa hila?"

"Chapa si yangu, adeer," nikamwita ami kwa lugha yao. "Imetiwa Nairobi."

"Nairobi wanaijulia wapi? Wallahi, ukishika kalamu tena, mji huu si wako."

Sikuwa na ushahidi. Mchoro wa asili ulibaki kwa mhariri. Kalamu ilikuwa riziki yangu, na ndiyo fimbo pekee niliyokuwa nayo ya kuwakemea walaghai. Sasa naipoteza kwa ajili ya pambo!

Kabla hawajainuka akaja tajiri mwenyewe, akihema, gazeti mkononi.

"Wazee, kitazameni kitambi hiki! Garissa nzima nani mwingine anacho?"

Mmoja akacheka. "Ni wewe tu, walaal, ndugu yetu."

"Basi niliyechorwa ni mimi, na ngamia wangu hakuwa na chapa yenu. Niiteni mlaghai, nitanyamaza. Mwizi wa ngamia wa ukoo wenu, kama chapa hii inavyonisema, hapana!"

"Na chumvi?"

"Chumvi ni kweli."

Wakaondoka wakimtania yeye. Mhariri nilimwandikia maneno makali. Picha iliyofuata akaiongezea mitende. Nimewahubiria watu unyofu miaka mingi, na hadi leo hunikera kwamba siku ile sikuokolewa na mnyofu yeyote. Aliyeniokoa ni mlaghai wa chumvi.