Tabasamu la Aline kwenye Gogo

Harufu ya mti wa björk uliopasuliwa ungali mbichi, ule mti wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, hunirudisha Husby, mtaa tuliokulia Uswidi, kwenye karakana ya watoto ya kuchonga mbao tulikokwenda baada ya shule. Majira yale ya baridi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wangu Aline kumi. Alasiri nje kulikuwa giza tayari, soksi zetu zikifuka mvuke juu ya kipasha joto, na mwalimu wetu Haruko, mama wa Kijapani mwenye sauti ya chini, akitusimulia habari za mchongaji mmoja wa kwao.

Alikuwa mtawa wa Kibudha wa karne nyingi zilizopita, asiye na nyumba. Alizunguka vijiji vya milimani kwa miguu, na popote alipopewa wali na pa kulala aliacha sanamu, aliyoichonga kwa shoka na patasi kutoka kwenye kuni alizozikuta hapo hapo. Hakuzilainisha. Makovu ya shoka yalibaki wazi, na bado nyuso zilitabasamu. Wanakijiji walizilaza kando ya wagonjwa wao, wakazishika mpaka pua zikafutika. Wakubwa wa enzi zake hawakumjali, ila wachongaji waliokuja baadaye sana, Haruko akiwa mmoja wao, walijifunza kwake kujua pa kuachia.

Nyumbani fundi nilikuwa mimi. Michoro yangu ndiyo iliyobandikwa jikoni, na wageni walipokuja Baba aliniita niieleze. Basi nikachonga sura ya bibi yetu aliyebaki Bujumbura, nikaipiga msasa majuma kadhaa hadi ikang'aa kama kijiko. Aline alichukua gogo, akalikata hapa na pale mpaka uso wenye tabasamu ukajitokeza, akaliweka chini. Haruko aliinama akalitazama kwa muda mrefu.

“Usiiguse tena,” alimwambia. “Imekwisha.”

Kwangu alisema, “Umefanya kazi nyingi, Diane.”

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kililala kitanda cha juu, kikikoroma kwa amani, nami cha chini.

Kabla theluji haijayeyuka, Bibi alifariki. Vibali vya Baba vya ukaazi vilikuwa havijatoka, hakuweza kwenda kumzika mama yake. Matanga yakawekwa kwetu, sebule ikajaa Warundi, Wanyarwanda na Wakongo, viatu vimerundikana mlangoni, chai ya tangawizi ikipita. Niliiweka sanamu yangu mezani, chini ya picha ya marehemu. Baba alipita mbele yake, akaenda chumbani kwetu, akarudi na gogo la Aline. Akaketi nalo mapajani.

“Anacheka kama Mama,” alisema. “Mdomo upande.”

Mzee mmoja Mkongo aliuliza nani kalichonga. Baba akamwonyesha Aline kwa kidevu. Aline akainua mabega, akajibu kwa Kiswidi kwamba ni kuni tu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi: nilichokitamani kwa moyo wote, mwenzangu hata hakujua kama anacho.

Nilimfuata Mama jikoni. “Yangu hakuitazama hata kidogo.”

“Baba yako amefiwa, mwanangu,” alisema, mikono ndani ya povu. “Leo hatazami kitu. Anatafuta cha kushika.”

Nilimwelewa. Kuelewa hakukunipunguzia chochote.

Nilidhani kijicho ni kama surua, mtu huugua utotoni akapona moja kwa moja. Leo kuchonga ndiyo kazi yangu, na watu hutoka mbali kuja kuona ninachokifanya. Aline anaunganisha malori kiwandani huko Södertälje, ana watoto wawili wacheshi, na tangu ujana hajashika patasi. Mwaka jana nilifanya maonyesho mjini, Baba akaja amevaa koti lake la kanisani. Alizunguka polepole, akagusa kila kazi kwa kiganja, kisha akamgeukia mwenye ukumbi na kumwambia kwa Kiswidi chake cha taratibu, “Nina binti mwingine. Yule ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchonga.”

Zamani ningekimbilia jikoni. Safari hii nilimmiminia kahawa, nikamtilia sukari anavyopenda.

“Ni kweli, Baba,” nilimwambia. “Alikuwa nao.”

Na ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma vilevile kama zamani.