Mikono Kulizunguka Jani

Ile mikono kwenye pakiti ilikuwa ya kwetu. Kwa miaka mingi nilikana. Bosi wangu wa Dar es Salaam aliponiuliza ni ya nani, nilimjibu ni ya mtu yeyote, kwa sauti ya mtu aliyesomea lishe chuo kikuu.

Kiwanda chetu kilisaga unga wa soya wa kuchanganya kwenye maharage. Lebo ya kwanza niliichora mwenyewe: sahani, na kando yake kijiko kimoja cha unga. Kila mlaji, kijiko kimoja. Niliona imenyooka kabisa. Tukaupeleka unga kijijini Nyabiyonza, na akina mama wakatia kijiko kimoja kwenye chungu cha nyumba nzima.

"Hiyo sahani ni ya nani?" mmoja aliniuliza. "Ya mgeni?"

Nilipaswa kujua. Nimezaliwa Nkwenda, si mbali na hapo, na kwetu ndizi na maharage hupakuliwa juu ya jani moja la mgomba, watu wakaketi kulizunguka, kila mmoja akala upande wake. Mwenye sahani yake ni mgonjwa. Au mimi, likizo yangu ya mwisho, niliporudi na sahani ya chuoni nikala pembeni, eti usafi. Tangu hapo sikwenda tena, nilisingizia kazi. Jioni za Dar nilikula kwenye sahani ileile, safi kabisa, nikiwasikiliza majirani wakigombania ukoko.

Basi nikachora upya. Jani katikati, mikono kulizunguka, mbele ya kila mkono kijiko cha unga. Vidole vya mama vilivyopinda vilijichora vyenyewe. Pakiti ya majaribio nikamtumia, nikisema nataka maoni ya walaji.

Alinipigia ofisini kutoka posta ya mjini Kayanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeliona jani lako."

"Linaeleweka?"

"Linaeleweka. Kila mkono na kijiko chake. Hata jirani ameelewa, na jirani unamjua."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ila upande wa mlangoni umeacha wazi. Pale ulikuwa unakaa wewe, ukimwaga maharage."

"Nafasi haikutosha, mama."

"Kwenye pakiti, au huko kazini?"

Nilisikia mtu wa posta akimhimiza, naye akimwambia asubiri, anaongea na mwanawe.

"Ndizi zimekomaa," akasema. "Uje. Na sahani uiache hukohuko."