Mgomba Uliozaa Ubavuni

Nilipokuwa mtoto, kwetu mlimani hapakuwa na kitu kilichotisha kama mgomba uliozaa ubavuni. Chui tulimsikia kwenye hadithi tu, na wachawi kila mtu alijua majina yao na kuwaamkia shikamoo njiani. Lakini mgomba ule, ambao badala ya kutoa mkungu juu kileleni kama migomba yenye adabu unapasuka katikati ya shina na kuutolea hapo, uliwanyamazisha hata watu wazima. Wazee walisema mgomba wa namna hiyo unamwita mwenye kihamba, yaani mwenye shamba lile la nyumbani. Ukionekana, ukatwe upesi mkungu ukiwa bado mchanga, ufukiwe, na kondoo achinjwe pale pale, damu yake imwagwe pamoja na mbege, pombe yetu ya ndizi, ili wahenga watulie. Mkungu ukiachwa ukaiva, basi na mwenye kihamba naye ameiva.

Basi mgomba kama huo ulitokea kwetu, nikiwa darasa la nne.

Wakati huo nilikuwa nakaa na babu na bibi. Baba yangu, Amani, alikuwa dereva wa trekta huko chini tambarare kwenye mashamba ya miwa, na mama alikuwa naye huko. Mimi niliachwa mlimani kwa ajili ya shule, na kwa sababu bibi aliapa kwamba joto la kule litaniharibu. Babu, Mzee Eliamani, alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyepiga kengele Jumapili asubuhi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Akiimba kanisani, wanakwaya walipotea njia.

Bibi ndiye aliyeuona mgomba kwanza, alipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Alirudi na panga, majani hana. Akamnong'oneza babu, na tukaenda sote watatu kuuangalia. Ulikuwa mgomba wa kisukari, wa zile ndizi tamu za kuiva, nyuma ya banda, na ua lake jekundu lilikuwa limechungulia katikati ya shina kama mtu aliyekosa mlango akapita dirishani. Mimi nilitaka kucheka, nikamwona bibi uso wake, nikaacha.

Babu aliuzunguka, akajikuna kichwa, kisha akaomba panga. Bibi akashusha pumzi. Lakini babu hakuukata mgomba. Alikwenda kwenye mti wa mpakani, akakata tawi refu lenye panda, akarudi nalo, akauegemeza mgomba vizuri kama tunavyoegemeza migomba yote yenye mkungu mzito.

"Shina limepasuka," akasema. "Tusipouegemeza utaanguka bure."

Bibi aliketi chini pale pale, juu ya majani makavu. Alimwambia kwa sauti ndogo kwamba si lazima mtu ajue, wangeukata kimya kimya, na kondoo mmoja hawezi kumkasirisha Mungu. Babu akamjibu kwamba Mungu amempa ndizi, naye hatamrudishia Mungu ndizi zake kwa sababu tu zimepitia mlango wa pembeni.

Kwetu siri haikai. Nyumba iko katikati ya migomba, na ya jirani vilevile, unadhani hakuna anayekuona, kumbe kijiji kizima kinajua umepika nini. Wiki haikuisha, watu wakaanza kupita kihambani wakiwa na visababu. Mmoja anatafuta kuku wake, mwingine anaazima jembe, na wote kuku na jembe wanavitafuta nyuma ya banda letu. Shuleni wenzangu waliniuliza kama babu ameshaanza kukohoa. Na mnisamehe ndugu zangu Walutheri, hata wa kanisani walikuja. Wale wale walioinua mikono Jumapili walimvuta babu nyuma ya mnara wa kengele wakamwambia, mzee, kata tu, mambo ya imani ni imani na mambo ya mila ni mila. Ukristo wa wengi wetu ulikuwa na mipaka yake, na mgomba ule ulikuwa upande wa pili wa mpaka.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa kaka yake babu, Mzee Nderingo, ambaye sisi tulimwita Babu Mkubwa. Kihamba chake kilikuwa juu ya chetu, katikati ukiwa mstari wa masale, mmea ule ambao Wachagga tunapandia mipaka, na ambao ukimpelekea mtu jani lake kuomba radhi hawezi kukukatalia. Babu Mkubwa naye alikuwa amebatizwa, ila alikuwa na msemo wake kwamba Mungu yuko juu sana, wahenga wako hapa hapa kihambani, kwa hiyo wao wanasikia mapema. Alikuja akasimama mbele ya ule mgomba ulioegemezwa, akatikisa kichwa. Alisema wamezaliwa wanaume wanne na wamebaki wawili, na yeye hayuko tayari kubaki peke yake kwa sababu ya ubishi wa mtu. Kisha akaapa hatakanyaga tena ua wetu mpaka kondoo achinjwe.

Mimi niliogopa, nisiseme uongo. Kila asubuhi nilikimbilia nyuma ya banda kuona mkungu umefika wapi, na kila ndizi iliyonenepa niliona inamnyonya babu yangu damu. Asubuhi moja nikamkuta yuko pale kabla yangu. Alikuwa ameshika ile nguzo kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, anaomba. Alipomaliza akaniona, nikamuuliza kama yeye haogopi.

"Naogopa, Ndeshi," akasema. "Nani kakudanganya siogopi? Nimezaliwa hapa, haya maneno nimeyanyonya kwa mama yangu. Usiku nikikohoa naukumbuka huu mgomba. Ndiyo maana nakuja kuomba hapa hapa, mbele yake, ili na wenyewe usikie."

Nilishangaa sana. Nilidhani mtu mwenye imani ni kama yale mawe makubwa ya mtoni, maji yanapita nayo hayana habari. Kumbe babu alikuwa anatetemeka kama mimi, ila alikuwa ameshika nguzo.

Kisha akaugua. Alikuwa ameshuka kumtembelea baba kule kwenye miwa, na aliporudi, siku chache baadaye, homa ikampiga chini. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Bibi aliniangalia, mimi nikamwangalia, na wote wawili tukaangalia upande wa banda. Babu mwenyewe, meno yakigongana, alitamka kwamba mbu wa kule kwa Amani hawana habari na migomba ya huku, na kwamba anataka kwenda zahanati. Walimpeleka, akachomwa sindano, akapewa vidonge, akarudishwa alale.

Jioni ile nikasikia kondoo analia uani. Babu Mkubwa alikuwa amemleta mwenyewe, mnene, mweupe, akamwagiza kijana amfunge kwenye mti wa kahawa karibu na dirisha la babu, huku yeye amesimama nje kidogo ya masale ili asivunje kiapo chake. Alimwita bibi, akamwambia kila kitu kiko tayari, mbege ipo, wazee watakuja asubuhi, na mgonjwa hahitaji hata kuinuka. Akaondoka akifuta uso kwa koti. Yule mzee hakuwa mtu mbaya, alikuwa anampenda mdogo wake. Ndiyo maana ilikuwa vigumu, kwa sababu adui ungemfukuza, lakini utamfukuza vipi mtu anayelia?

Bibi hakumfungua yule kondoo. Aliingia ndani akaketi kwenye kigoda akawa anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Kondoo akalia tena.

"Ndeshi," babu akaita toka chumbani. "Nasikia kondoo. Ni wa nani?"

Nikamwambia. Nikasikia anageuka kitandani. Halafu akasema, "Mrudishe kwa mwenyewe, mjukuu wangu. Mwambie namshukuru na nampenda. Lakini mwambie damu kwa ajili yangu ilishamwagwa na Bwana Yesu, mara moja, na ilitosha. Siwezi kuiongezea ya kondoo."

Nilitoka chumbani nikasimama mbele ya bibi. Nilitaka anizuie. Kweli kabisa, nilimwomba kwa macho aniambie acha, mpaka kesho. Bibi alinitazama, kisha akainamia moto wake. Hakusema nenda wala hakusema usiende. Nikajua limebaki kwangu.

Nikamfungua kondoo. Basi na yeye, kama aliyelipwa na wahenga, akagoma kutembea! Nilivuta mbele akavuta nyuma, nikazunguka nikamsukuma akakaa chini, tukapanda kile kilima tukiwa tunapigana, mimi nikilia na kuimba nyimbo zote za Shule ya Jumapili nilizozijua, hata za Krismasi, na Krismasi ilikuwa mbali. Nilipofika, Babu Mkubwa alikuwa ameketi mlangoni. Nilitoa ujumbe kama nilivyopewa, neno kwa neno, bila kupumua. Akapokea kamba. Akaniuliza kama babu anakunywa uji. Nikasema anakunywa. Akaniuliza kama uji una sukari. Kisha akaingia ndani akanitolea kikombe cha maziwa ya mgando, akaniangalia nikinywa, na macho yake yalikuwa mekundu.

Babu alipona. Homa ilimtoka siku zilizofuata, akarudi kwenye kengele yake na kwenye kuwapoteza wanakwaya. Lakini kijiji hakikuridhika, maana mkungu ulikuwa bado haujaiva. Watu walisema homa ile ilikuwa hodi tu.

Mkungu ukakomaa, na babu akaukata ndizi za juu zilipoanza kuwa za njano. Ulikuwa mfupi, umejikunja mgongo, lakini ndizi zenyewe nono. Akaubeba begani mpaka kanisani kwenye Sikukuu ya Mavuno. Asiyejua mambo yetu, sikukuu hiyo kila mtu huleta sadaka ya alichovuna, mayai, mahindi, kahawa, jogoo aliyefungwa miguu, na baada ya ibada vinanadiwa pale nje kwenye nyasi. Mnada wa kanisa ni furaha tupu, watu wanapandishiana bei kwa utani, na kuku mmoja anaweza kununuliwa na kurudishwa akanadiwa tena mpaka mwenyewe akachoka.

Siku ile jogoo alinadiwa, mayai yakanadiwa, tukacheka. Kisha mnadi akauinua mkungu wetu, na nyasi zote zikanyamaza. Akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akashusha. Watu waliangalia viatu vyao. Mchungaji alikuwa mgeni, ametoka mbali, akageuka huku na huku asielewe kwa nini Walutheri wameogopa ndizi. Babu alikuwa amesimama mbele karibu na mnadi, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. Nje ya ua, kwenye uzio wa michongoma, nikaona kofia ya Babu Mkubwa.

"Mimi nanunua."

Ilikuwa sauti ya bibi. Alipita katikati ya akina mama wenzake, kitenge chake cha sikukuu kimekazwa, akataja bei kubwa kuliko ya jogoo. Mnadi akamwuliza kwa upole, Mama Amani, unanunua ndizi za nyumbani kwako? Bibi akajibu, na kila mtu akasikia.

"Baba Amani hawezi kusimama peke yake hapo mbele na mimi nipo."

Babu alicheka mpaka akajipangusa macho. Bibi akakata ndizi iliyoiva kuliko zote, akaimenya, akampa mumewe, akala. Akamenya nyingine akala yeye. Ya tatu akaninyooshea mimi, na baada ya kumvuta yule kondoo mlima mzima sikuona sababu ya kushindwa na ndizi. Nikala. Ilikuwa tamu ajabu. Nikasema, bila kufikiri, naomba nyingine, na hapo watoto wote wa Shule ya Jumapili wakatuvamia. Mkungu haukurudi nyumbani, kilichobaki ni kikonyo chake tu.

Kesho yake alfajiri tukasikia mtu anabisha hodi. Babu Mkubwa alikuwa uani kwetu, ndani ya masale, kiapo amekisahau, ameshika kibuyu cha maziwa. Akauliza, "Eliamani, umeamka?" Babu akajibu toka ndani, "Nimeamka, kaka." Akaacha maziwa akaenda zake. Na kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Alikuja kila asubuhi kuangalia kama mdogo wake yuko hai, miaka na miaka, mpaka ikawa ndiyo saa yetu ya kuamkia. Hivyo ndivyo ugomvi ule ulivyokwisha.

Babu alifariki mimi nikiwa na watoto wangu. Alikuwa ameshaacha kengele, haoni vizuri, lakini bado anaimba. Siku ya maziko Babu Mkubwa aliletwa akiwa ameshikwa huku na huku, akatupa udongo wake, kisha akasema kwa sauti, "Niliwaambia ule mgomba." Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka sote pale kaburini, na yeye mwenyewe akacheka, kisha akalia kama mtoto.

Sasa mimi nakaa Moshi mjini, napanda mlimani Jumamosi. Mwezi uliopita mwanangu, ambaye anasoma chuo na haamini kitu mpaka akione kwenye simu, alinipigia kelele toka nyuma ya banda. Mgomba wa kisukari ulikuwa umepasuka ubavuni. Nilisimama nikautazama, na niseme ukweli, moyo ulinienda mbio, mimi mtu mzima, mama wa kanisa. Yale maneno na mimi niliyanyonya. Zamani nilidhani babu alishinda siku tulipokula zile ndizi, au siku homa ilipomtoka. Sasa naona alishinda ile asubuhi ya kwanza, akiwa hajui kama ataishi, alipoomba panga na kwenda kutafuta nguzo.

Mwanangu akaniuliza tuufanyeje, amesikia watu wakisema una mkosi.

Nikamwambia alete panga, akate tawi lenye panda, refu, aje anisaidie kuuegemeza.